Barua Inayorudi

Safari hii tumeombwa tuandike kuhusu elimu, nasi tunaanza na kisa kidogo. Hivi karibuni, kwenye harusi ya jamaa zetu, binti mmoja wa hapa hapa kwetu alitusogelea na simu yake mkononi. Binti huyu anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunza wazee, ana watoto wawili, na kwa muda mrefu amekuwa na hamu ya kusoma shahada. Alituonyesha tangazo la kampuni moja inayouza masomo: video za saa mia mbili, mitihani inayosahihishwa papo hapo, na cheti mwishoni. Bei yake ilikuwa sawa na mshahara wake wa miezi miwili. "Ami," akatuuliza, "wewe mhandisi, mambo haya ya kompyuta unayajua. Nijiunge au nisijiunge?"

Hatukumjibu pale pale. Tulimuuliza jambo moja tu: "Ukishaandika kazi yako, nani ataisoma?" Akatafuta juu na chini katika lile tangazo, hakuona jina la mtu yeyote. Akatuomba tufikiri kisha tumpe jibu. Makala haya ndiyo jibu lenyewe, na kama limekuwa refu ni kwa sababu swali lake lina historia ya karibu miaka mia mbili, na katika historia hiyo watu wengi wameshapoteza fedha na miaka yao kwa kutouliza alichouliza yeye.

Boya la tangi

Kabla ya historia, turuhusuni tutoe mfano mmoja wa kazi yetu. Kwetu, juu ya nyumba nyingi, lipo tangi la maji, na ndani ya tangi lipo boya. Maji yakipanda, boya linapanda nayo mpaka likafunga maji yanayoingia. Yakishuka, nalo linashuka na kufungua. Wahandisi jambo hili tunaliita mrejesho: habari za mwisho wa kazi zinarudi mwanzo ili kuirekebisha kazi yenyewe. Tangi lisilo na boya nalo hujaa, lakini mwenye nyumba hajui limejaa mpaka maji yamwagike barazani.

Kufundisha nako kuna njia mbili namna hiyo. Ipo njia inayotoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi, na ipo inayotoka kwa mwanafunzi kurudi kwa mwalimu. Ukiitazama historia ya teknolojia katika vyuo vikuu, utaona kwamba kila kizazi kimeipanua njia ya kwenda: posta, redio, televisheni, satelaiti, intaneti. Njia ya kurudi imebaki nyembamba miaka yote, kwa sababu mwisho wake yupo mtu mmoja aliyekaa kitini anasoma karatasi moja. Mtu huyo ana gharama, anachoka, na hawezi kuzidishwa kwa mtambo. Kwa hiyo kila inapotokea teknolojia mpya, jambo la kwanza linalofikiriwa ni kumpunguza yeye.

Stempu ya peni moja

Mwaka 1840 Uingereza ilianzisha posta ya peni moja. Barua isiyozidi nusu aunsi ilikwenda popote nchini kwa peni moja tu, na maskini akaweza kuandikiana na mtu wa mji wa mbali. Isaac Pitman, aliyekuwa amebuni hati mkato miaka mitatu kabla, akaitumia posta hiyo kufundisha. Wanafunzi walipata kifungu cha kuandika, wakakiandika kwa hati mkato, wakakituma. Kilirudi kikiwa kimesahihishwa.

Tuliangalie vizuri jambo hili. Pitman alikuwa tayari na kitabu chake cha hati mkato, na kitabu kiliweza kuuzwa nchi nzima bila ya yeye kusoma karatasi ya mtu. Alichoongeza kwa ile stempu ni njia ya kurudi. Elimu ya mbali ya nchi hii ilianza na mtu aliyekubali kusoma makosa ya watu asiowaona.

Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikafungua mitihani yake kwa watu ambao hawakusoma katika vyuo vyake. Ulikuwa mlango mkubwa, na hata sisi wa Afrika Mashariki tuliupitia: Makerere kuanzia mwaka 1949, na chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961, vilianza kwa kutoa shahada za London. Lakini kwa yule aliyesoma peke yake nyumbani, London ilikuwa mtahini, haikuwa mwalimu. Ilimwambia amefaulu au ameanguka. Kwa nini ameanguka, hilo lilikuwa lake mwenyewe na mto wake usiku.

Pengo hilo likajazwa na skuli za posta, kama Wolsey Hall ya Oxford iliyoanzishwa mwaka 1894, ambayo wanafunzi wake walikuwa pia katika makoloni. Wazee wetu waliokuwa makarani na walimu waliyajua majina ya skuli za namna hiyo kama sisi tunavyoyajua majina ya mashirika ya ndege. Nelson Mandela aliposoma sheria ya London akiwa gerezani Robben Island, naye alipitia Wolsey Hall. Mfungwa hakuwa na darasa. Alichokuwa nacho ni vitabu vichache, karatasi, na ruhusa ya kupeleka kazi yake nje ya kisiwa ikasomwe.

Chuo cha hewani

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe hasa, nacho ni cha Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kwa sababu hapo njia hizi mbili zimejaribiwa kwa ukubwa na kwa muda mrefu.

Mwezi Septemba 1963 Harold Wilson, wakati huo kiongozi wa upinzani, alitoa hotuba mjini Glasgow akapendekeza chuo kikuu cha hewani: masomo yatolewe kwa redio na televisheni, ili mfanyakazi aliyekosa nafasi ujanani asome akiwa nyumbani kwake. Alipoingia madarakani mwaka 1964 kazi hiyo ilikwenda kwa Jennie Lee, binti wa mchimba makaa wa Scotland. Waraka wa serikali ukatoka mwaka 1966. Wengi waliucheka. Mwanasiasa mmoja mkubwa wa Conservative, Iain Macleod, aliliita jambo hilo upuuzi mtupu. Lee hakutetereka, na akashikilia masharti mawili ambayo watu waliona hayawezi kukaa pamoja: mlango uwe wazi hata kwa asiye na cheti chochote, na shahada iwe na uzito ule ule wa vyuo vingine.

Hati ya Kifalme ilitolewa mwaka 1969, makao makuu yakawa Milton Keynes, mji ambao wakati huo ulikuwa ndio kwanza unajengwa. Mwezi Januari 1971 masomo yakaanza na wanafunzi wapatao 25,000. Walikuwamo walimu wa skuli, mama wa nyumbani, makarani, mafundi. Vipindi vilirushwa na BBC kutoka studio za Alexandra Palace, London, asubuhi na mapema au wakati ambao watu wengine hawautaki.

Basi watu wakadhani kwamba chuo hiki ni televisheni. Hata sisi tulidhani hivyo. Sisi tuliokulia Zanzibar tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya sabini, wakati ambapo Tanzania Bara haikuwa na televisheni ya aina yoyote, kwa hiyo tuliijua nguvu ya kile chombo. Tulipofika nchi hii kusoma, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tuliwaona usiku wale wahadhiri wenye ndevu na tai pana wakichora ubaoni, tukaambiana: kumbe shahada inapatikana kwa kukaa macho.

Ukweli ni kwamba televisheni ilikuwa sehemu ndogo ya saa za mwanafunzi. Sehemu kubwa ilikuwa vitabu vilivyoandikwa mahsusi kwa mtu anayesoma peke yake, na masanduku ya majaribio yaliyopelekwa nyumbani, yenye darubini na dawa za kemia, mtu akapima na kuchanganya juu ya meza yake ya jikoni. Ilikuwepo wiki moja ya kiangazi katika chuo kingine, watu wakaonana kwa macho. Na ilikuwepo kazi ya kuandika, ambayo ilikwenda kwa posta kwa mkufunzi mwenye wanafunzi ishirini na ushei, ikarudi na alama na maelezo.

Jambo hili lilipata mtihani wake mwezi ule ule wa kwanza. Tarehe 20 Januari 1971 wafanyakazi wa posta wa Uingereza waligoma, na mgomo ukaendelea kwa karibu wiki saba. Televisheni haikugoma, vipindi viliendelea kama kawaida. Hata hivyo chuo kilitaharuki na kuanza kutafuta njia nyingine za kufikisha mafurushi yake kwa watu. Kama televisheni ingekuwa ndiyo chuo, mgomo wa posta ungemshughulisha nani?

Alama mbili za kutoa

Tangu mwanzo chuo kile kilikuwa na kazi za aina mbili. Aina ya kwanza ilisahihishwa na kompyuta. Mwanafunzi alichagua jibu, akatia weusi kwa penseli katika kisanduku, akapeleka fomu Milton Keynes, na mashine ikamrudishia alama. Ndiyo, wasomaji, mwaka 1971. Wanaotuambia leo kwamba usahihishaji wa mashine ni jambo jipya wamechelewa miaka hamsini. Aina ya pili ilisahihishwa na mkufunzi kwa mkono. Na hao wakufunzi nao walikaguliwa: baadhi ya kazi walizosahihisha zilisomwa tena na walimu wa chuo, kuangalia alama, na kuangalia pia kama maelezo waliyoandika pembeni yanaweza kumsaidia mtu.

Tofauti ya aina hizi mbili tuliijua kwa nafsi zetu. Tulipomaliza shahada ya uhandisi katika mji mmoja wa kaskazini ya nchi hii tulipata kazi kwenye kiwanda cha pampu, zamu ya mchana wiki moja na ya usiku wiki nyingine. Mwaka 1997 tuliona hisabati yetu inatutoka, tukajiunga na kozi moja ya Chuo Kikuu Huria. Katika kazi ya pili lilikuwepo swali la mtetemeko, na jibu letu lilikuwa sahihi kabisa, namba kwa namba. Karatasi ikarudi na alama nusu. Mkufunzi alikuwa ameandika ukurasa mzima kwa mkono. Mstari wa nne tuliacha alama ya kutoa, na mstari wa tisa tukaacha nyingine, na makosa mawili yakafutana. "Jibu limetoka sawa kwa bahati," alieleza, "na bahati hairudi mara ya pili." Kisha akaonyesha chanzo cha kosa, ambacho hakikuwa uzembe. Kulikuwa na kanuni moja tuliyoielewa vibaya tangu skuli, na walimu wote waliopita hawakuwahi kuiona kwa sababu majibu yetu mara nyingi yalitoka sawa.

Ile fomu ya visanduku ingetupa alama zote. Tungeendelea na kosa letu, tukaenda nalo kiwandani, na chuma hakijui kufutiana makosa.

Kazi ya tatu hatukuipeleka. Baba yetu alifariki Unguja, tukasafiri, na tuliporudi hatukuwa na moyo wa kufungua kitabu. Siku moja ya Jumapili jioni simu ikalia. Alikuwa yule mkufunzi, ambaye tulikuwa tumemwona mara mbili tu. Aliuliza kwa nini kazi haijafika. Tukamweleza. Akatupa pole, akanyamaza kidogo, akasema tarehe anaweza kuisogeza wiki tatu, na kwamba swali la pili tungelipenda. Tulimaliza kozi ile. Tunajua vizuri kwamba bila ya simu ile tusingeimaliza.

Tusiionee mashine. Marekani, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Don Bitzer na wenzake walijenga kuanzia mwaka 1960 mtambo wa kufundishia ulioitwa PLATO. Mwanafunzi alikaa mbele ya kioo, akajibu, na mashine ikamwambia hapo hapo amekosea wapi. Kwa mambo yenye jibu moja ilifanya kazi nzuri: msamiati, hesabu, majina ya viungo vya mwili. Hilo nalo ni boya, dogo lakini la kweli. Lakini mwaka 1973 kijana mmoja aitwaye David Woolley alitengeneza ndani ya PLATO programu ya kuachiana ujumbe, na ikapendwa sana. Watu waliwekewa mashine ya kuwajibu, wakaitumia kuzungumza wao kwa wao. Hali ilikuwa hiyo hiyo hapa Uingereza mwaka 1988, Chuo Kikuu Huria kilipowaambia wanafunzi zaidi ya elfu moja wa kozi moja ya teknolojia ya habari wawe na kompyuta na modemu nyumbani. Mtu aliyesoma miaka mingi peke yake jikoni aligundua kwamba yupo mwenzake, usiku ule ule, aliyekwama ukurasa ule ule.

Na nyumbani je?

Tusidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Tanzania ililijua somo hili mapema, ingawa haikuwa katika vyuo vikuu. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Karibu watu milioni mbili walishiriki. Wangeweza kuachwa kila mmoja asikilize nyumbani kwake, na ingekuwa rahisi zaidi. Badala yake waliwekwa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake aliyepewa mafunzo. Walisikiliza kipindi, wakakizungumza, kisha wakakubaliana la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba. Redio ilikuwa njia ya kwenda, na kile kikundi chini ya mwembe kilikuwa mahali pa kuuliza na kujibiwa. Wazee wetu waliopanga kampeni ile walijua wanachokifanya.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na makamu wake wa kwanza wa mkuu wa chuo alikuwa Profesa Geoffrey Mmari. Kilianza kwa karatasi na kwa vituo vya mikoani. Kituo ni kitu kisichopendeza katika picha: ni ofisi, viti na mtu wa kupokea. Lakini mwalimu wa skuli aliye mbali na Dar es Salaam alipata mahali pa kupeleka kazi yake na kuulizia matokeo, na kwake yeye pale ndipo chuo kikuu kilipokuwa.

Mwaka 1997 Benki ya Dunia nayo ilianzisha mradi wa chuo kikuu cha Afrika cha masomo ya mbali, ambacho baadaye kiliweka makao yake Nairobi. Masomo yalirushwa kwa satelaiti kutoka vyuo vya nje hadi kwenye madishi ya vyuo vya Afrika. Tulikifurahia sana, wahandisi hasa, maana ni jambo zuri kuona picha ikivuka bahari kwa namna ile. Tatizo lake lilikuwa lile lile la kale: mhadhara ulishuka kutoka angani kwa wepesi, lakini swali la mwanafunzi lilitakiwa kupanda kwa simu, na simu ya nje miaka ile ilikuwa ghali kuliko chakula cha siku. Mikongo ya baharini ilipofika pwani yetu mwaka 2009, TEAMS mjini Mombasa na SEACOM pia, kwa mara ya kwanza waya wa kurudi ukawa mpana kama waya wa kwenda. Waya ulikuwepo sasa. Kilichobaki ni mtu wa kukaa mwisho wake.

Gharika ya video

Kisha likaja jambo kubwa kuliko yote. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka vifaa vya masomo yake kwenye intaneti bila malipo, na sisi tuliolipa kwa taabu kila kitabu tulidhani tunaota. Mwaka 2011 wahadhiri wawili, Sebastian Thrun na Peter Norvig, walifungua kupitia Stanford kozi ya akili mnemba kwa mtu yeyote duniani. Watu wapatao 160,000 waliandikishwa. Magazeti yakatangaza kifo cha vyuo vikuu.

Harvard na MIT walipoungana mwaka 2012 kutoa kozi za namna hiyo, walifanya jambo la uungwana: walihesabu, wakatangaza hesabu yao. Katika mwaka wa kwanza, kozi 17 ziliandikisha mara 841,687. Vyeti vilivyotolewa vilikuwa 43,196. Ni kama watano katika kila mia.

Tuseme haki. Wengi waliojiandikisha hawakukusudia kumaliza, walitaka kuchungulia tu, na kuchungulia katika darasa la Harvard ukiwa Mtwara au Muscat si jambo la kudharau. Na hata hao elfu arubaini na tatu ni wengi kuliko wote ambao wahadhiri wale wangeweza kuwaona ana kwa ana maisha yao yote. Lakini nani alimaliza? Watafiti waliona kwamba kozi hizi ziliwavuta mno wale ambao tayari walikuwa na shahada. Mtu aliyekwisha kufundishwa na watu anaweza kufundishwa na video, kwa sababu yule mwalimu wa zamani bado anamsahihisha kichwani. Ambaye hajawahi kuwa na mwalimu huyo, yaani yule ambaye Jennie Lee alimfungulia mlango, ndiye anayemhitaji zaidi, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuachwa peke yake na kioo.

Mashine inayoandika pembeni

Wapo watakaosema hoja yetu imepitwa na wakati. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, ilipotoka ChatGPT, mashine inaweza kusoma insha na kuandika maelezo pembeni, kwa adabu, saa tisa za usiku, bila kuchoka. Basi njia ya kurudi nayo imepanuliwa, na mkufunzi anaweza kwenda zake.

Tumeijaribu. Tulichukua lile swali letu la mtetemeko, na zile alama mbili za kutoa tukaziacha kama zilivyokuwa, tukaipa mashine. Mara ya kwanza ilitusifu. Tulipoiambia iangalie mstari kwa mstari ikayaona makosa yote mawili na kuyaeleza vizuri sana, pengine vizuri kuliko yule mzee. Kwa hiyo hatusemi haiwezi. Tunasema ilihitaji mtu anayejua kwamba kuna kosa, na mwanafunzi kwa kawaida ndiye asiyejua. Mashine hizi zinaendelea kuboreshwa, na huenda kesho ikayaona yenyewe bila kuambiwa.

Wasiwasi wetu uko mahali pengine. Mwanafunzi aliyechoka anaweza kuiambia mashine imwandikie kazi, na chuo kilichobana matumizi kikaiambia mashine nyingine iisahihishe. Hapo karatasi itakwenda na kurudi, alama zitaandikwa, ada italipwa, na katika mzunguko wote huo hakuna binadamu aliyefikiri jambo lolote. Tangi litaonekana lina boya, kumbe boya limechorwa ukutani.

Na ipo ile simu ya Jumapili. Mashine inaweza kutuma ujumbe kwamba kazi haijafika, na nyingi hutuma. Lakini mtu aliyefiwa hajibu ujumbe wa mashine. Anamjibu aliyemuuliza.

Historia hii haimwambii mtu achague baina ya teknolojia na mwalimu. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kimeshasomesha zaidi ya watu milioni mbili, na kimepita kutoka posta na televisheni mpaka intaneti. Kipindi chake cha mwisho cha masomo ya usiku kwenye televisheni ya BBC kilirushwa mwezi Desemba 2006, na chuo hakikufa. Vyombo vilibadilika vyote. Mkufunzi mwenye wanafunzi wachache, anayesoma na kurudisha, alibaki. Tukiulizwa kama wahandisi ni kiungo gani kinachobeba mzigo wa jengo lile, tungeonyesha hapo.

Basi jibu letu kwa binti yetu ni hili. Mwanangu, usiogope kusoma kwa simu, wala usione haya kusoma saa nane za usiku wazee wako wakiwa wamelala. Wengi kabla yako wamesoma kwa taa ya chemni na stempu ya peni moja. Lakini kabla ya kutoa fedha yako, waandikie uwaulize mambo matatu. Nani, kwa jina, atasoma kazi yangu? Itarudi baada ya siku ngapi? Na nikinyamaza wiki tatu, nani atajua? Wakikujibu yote matatu, jiunge, nasi tutakuchangia vitabu. Wakikujibu kwa kukuonyesha video nyingine, mshahara wako wa miezi miwili una kazi bora ya kufanya.

Na nyinyi wengine mliosoma, mliomo humu katika jumuiya yetu, wauguzi, wahasibu, mafundi, walimu: wapo vijana wetu leo wanaosoma peke yao vyumbani, na wengi hawana mtu wa kuwasomea ukurasa mmoja. Sisi tumeanza na binti huyu mmoja. Kila Jumapili jioni anatuletea alichoandika, nasi tunakirudisha Jumatano, kikiwa na wino.